Siku za mwisho Dar es Salaam: mwongozo kamili wa msafiri wa begi mgongoni mwenye pesa kidogo

Umetoka Zambia kwa treni ya TAZARA, au umeteremka kutoka Kigoma, Mbeya au Songea. Wiki kadhaa umelala kwenye gesti za mijini na kwenye viti vya mabasi, na sasa umebakiwa na siku tatu au nne, Dar es Salaam iko mbele yako, kisha nyumbani: Nairobi, Kampala, Bujumbura, Lubumbashi, au Mwanza tu. Mwongozo huu ni wa siku hizo.

Naandika kama mkazi wa Dar ambaye nyumbani kwake wamepita wasafiri wengi wa aina hiyo, na nimeliona jambo moja likijirudia. Kinachowamaliza pesa ni uchovu. Ughali wa jiji unasingiziwa. Mtu aliyekuwa akipigania mia tano Tunduma, akifika Dar anapanda bajaji ya kwanza inayomwita, analala gesti ya kwanza anayoiona na anakula mahali pa kwanza penye viti, kwa sababu mgongo unamuuma na moyoni ameshasema safari imekwisha. Siku ya tatu anapiga simu kwao kuomba nauli. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili ya mtu aliyechoka: maamuzi mazito unayafanya kabla hujafika au saa ya kwanza tu, na yanayobaki yanakuwa mepesi.

Hatua ya kwanza: tenga nauli ya kurudi kabla hujaingia jijini

Fanya hesabu hii ukiwa bado njiani, mahali ambapo huna cha kununua. Andika nauli hadi mlangoni kwenu, siyo hadi mji mkuu wa kwenu tu. Wengi husahau kile kipande cha mwisho cha matatu au bodaboda. Ongeza chakula cha njiani kwa kila siku utakayokuwa barabarani, kisha ongeza usiku mmoja wa gesti mpakani kwa ajili ya basi kuharibika au foleni ya uhamiaji. Jumla hiyo haitumiki tena. Ifunge peke yake, uiweke mbali na pochi ya kila siku. Kama una akaunti ya pesa za simu, iweke humo na ubaki na kiasi kidogo mkononi.

Kinachobaki ugawe kwa siku zako. Kwa bei ninazoziona mitaani, msafiri asiye na makuu anaweza kumaliza siku Dar kwa shilingi 40,000 hadi 50,000: nusu inakwenda kwenye kitanda, robo kwenye chakula, na inayobaki ni nauli, maji na kiingilio kimoja. Hesabu yako ikionyesha siku mbili tu, kaa siku mbili. Siku mbili ukiwa umeshiba ni bora kuliko nne unahesabu maandazi.

Usitegemee kupata kibarua cha kuziba pengo kama wewe si Mtanzania. Amri iliyotolewa Julai 2025 inakataza wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, zikiwemo uwakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, kuongoza watalii na saluni zisizo za hotelini. Kumsuka mtu nywele kwa malipo kunaweza kukugharimu kuliko nauli yenyewe.

Kama pesa itatumwa kutoka nyumbani, panga mapema. Kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda M-Pesa ya Tanzania pesa hufika bila kupitia benki, lakini unahitaji laini ya hapa, na laini husajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti yako. Sajili kwenye duka la kampuni ya simu mwanzoni mwa safari. Anayekuuzia laini iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine anakuuzia matatizo.

Ukiwa hapo hapo kwenye hesabu, fungua pasipoti usome muhuri wa kuingia nchini: umepewa siku ngapi, na zinaisha lini? Wasafiri wa Afrika Mashariki hupenda kudhani wako nyumbani na hawautazami. Kuutazama ukiwa Mbeya ni jambo la dakika moja. Kuutazama Namanga ukiwa siku zimepita ni faini na maelezo marefu dirishani.

Hatua ya pili: panga saa ya kuingia

Ingia mchana. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu anayeshuka saa nne usiku na begi mgongoni hana nafasi ya kuchagua kitu.

Mabasi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku tangu 2023, kwa hiyo unaweza kuchagua linalofika alfajiri. Ukifika saa kumi usiku, kaa ndani ya kituo hadi kupambazuke. Kuna viti, kuna choo cha kulipia, kuna chai. Usitoke barabarani gizani kwa kuwa tu dereva wa teksi amekuambia hapo ndani hairuhusiwi kukaa.

Ukishuka utavamiwa na wapiga debe. Mmoja atakushika begi, mwingine atasema, "Kaka, Nairobi? Gari ndiyo inatoka hiyo, nauli lete hapa." Mjibu kwa upole kwamba umeshapata, tembea hadi kwenye madirisha ya kampuni na ukate tiketi huko, yenye jina lako, namba ya kiti, tarehe na saa ya kuondoka. Nauli za mabasi ya ndani hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo kuna bei elekezi unayoweza kuiuliza. Hela usimpe mtu aliyesimama katikati ya uwanja, hata kama amevaa shati lenye nembo.

Na tiketi ya kurudi ikate siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka Mbezi. Hapo ndipo nauli uliyoitenga inageuka karatasi ambayo huwezi kuila. Kama unavuka mpaka, uliza basi linaondokea wapi hasa, kwa sababu baadhi ya mabasi ya nje ya nchi huondokea kwenye ofisi zao Shekilango au Ubungo, na wapo waliokesha Mbezi wakingoja basi lisilopita hapo.

Ukija na TAZARA unashukia stesheni yao kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, chini ya daraja la Mfugale. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi, na kuchelewa kwa saa nyingi ni kawaida yake, kwa hiyo usikate tiketi ya basi la siku utakayofika. Ukitoka nje ya uzio, daladala za kwenda Posta na Kariakoo zinapita barabara hiyo hiyo. Uwanja wa ndege nao uko kwenye barabara hiyo, upande wa kutoka mjini.

Hatua ya tatu: fika mjini bila teksi

Kutoka Mbezi, njia ya mwenye begi ni kupanda gari hadi Kimara, kisha mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yao peke yao, hadi Gerezani (Kariakoo) au Kivukoni, ikiwa mabasi yanatembea kama kawaida siku hiyo. Ikiwa hayatembei, kuna daladala. Soma maandishi ya mbele, yanataja mwanzo na mwisho wa njia, na ukishindwa kusoma kwa msukumano, mwambie konda unakokwenda kabla mguu haujapanda. Nauli ya safari za kawaida ndani ya jiji ni mia sita au mia saba hivi, umbali ukizidi unaongeza kidogo. Shika chenji. Noti ya elfu kumi asubuhi humkera konda, na ukishuka haraka chenji yako inabaki garini.

Begi kubwa ndani ya daladala ni mtihani. Kaa karibu na mlango au nyuma kabisa, liweke mapajani au miguuni, kamwe usiliache likae peke yake mbele. Kuhusu saa: kati ya kumi na mbili na nusu na tatu asubuhi magari yote yanaelekea mjini na hakuna pumzi. Kati ya kumi jioni na mbili usiku ni kinyume chake. Safiri katikati ya nyakati hizo, au utembee kinyume na mkondo.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuna jambo la Jangwani. Bonde la Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo, mwendokasi unakatwa vipande viwili, na safari ya nusu saa inakuwa ya nusu siku. Mvua kubwa ikinyesha usiku, sikiliza redio kabla hujatoka, na usiku wa kuamkia siku ya basi lako ulale upande ule ule wa bonde kiliko kituo.

Bajaji na bodaboda zina kazi yake: mizigo, usiku, na vichochoro visivyo na daladala. Programu za kuita usafiri zinakuonyesha bei kabla, na hata usipoitumia, bei ile inakusaidia kupatana na wa kijiweni. Kwenye bodaboda daima omba kofia, na begi livae mgongoni kwako. Dereva akiliweka mbele yake, hakikisha haliingii kwenye usukani.

Hatua ya nne: lala mahali pawili

Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko mingine, na sijui kwa nini watu hawaufuati. Usilale sehemu moja siku zote. Siku za mwanzo lala mjini, na usiku wa mwisho hamia Mbezi, karibu na kituo. Gesti za Mbezi ni rahisi, na basi la saa kumi na moja alfajiri linakuwa umbali wa kutembea au wa bodaboda fupi. Anayelala Posta usiku wa mwisho hulipa teksi ya kilomita ishirini na kitu gizani, na hiyo teksi huzidi bei ya chumba.

Mjini una chaguo tatu za kweli. YMCA na YWCA za katikati ya jiji zimepokea wasafiri wa mabegi kwa miaka mingi, ni safi, na unatembea kwa miguu hadi feri na makumbusho, ila hujaa, kwa hiyo piga simu kabla. Kariakoo kuna lodge kila mtaa, ukiwa katikati ya kila kitu, kelele zikiwemo. Magomeni na Sinza kuna gesti za uswahilini ambazo kwa shilingi 20,000 hadi 30,000 unapata chumba cha peke yako chenye feni na bafu. Mimi ningekuambia Magomeni: mwendokasi unapita, chakula kipo hadi usiku, na jioni mtaa unakaa nje kwenye baraza.

Kabla ya kulipa, omba kuona chumba. Washa feni, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Machi bila feni hulali. Fungua bomba. Tazama chandarua kama kina matundu. Funga mlango kwa ndani uone komeo linashika. Uliza kama gesti inapokea wateja wa muda mfupi. Wakisema ndiyo, mlango utagongwa usiku kucha, tafuta nyingine. Utaandikwa kwenye kitabu cha wageni, kwa hiyo pasipoti iwe karibu, lakini usikubali ibaki kaunta usiku kucha.

Ukitajiwa bei kwa dola, omba bei kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi, na hilo linakulinda na viwango vya kubuni.

Hatua ya tano: siku ya kwanza usitembee

Oga, fua, lala. Nimesema uchovu ndio unaokula pesa, na hapa ndipo unapoutibu. Nunua sabuni ya kipande, fua nguo zote za safari, anika juani. Kama si masika zinakauka kabla ya jioni. Begi limwage lote kitandani ulikague: kamba, zipu, mikanda. Fundi viatu wa barabarani hushona mkanda wa begi kwa pesa ndogo huku wewe umekaa kwenye kigoda chake, na mkanda ukikatikia mpakani utajuta.

Kama una homa, kichwa kinauma au viungo vinakuuma, usiseme ni safari. Nenda zahanati iliyo karibu upimwe malaria, kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Kusafiri saa kumi na tano ndani ya basi ukiwa na malaria ni hatari, na ni hapa kwenye zahanati za mtaa ambapo matibabu ni ya bei unayoimudu.

Hatua ya sita: kula kwa saa

Chakula cha Dar kina saa zake, na anayekula kwa saa hizo anakula vizuri kwa bei ya chini.

Asubuhi, hadi saa nne, ni supu na chapati, au chai na vitumbua, maandazi, mihogo. Supu ya ng'ombe au ya kuku yenye ndimu na pilipili inakupeleka hadi alasiri. Mchana ni saa ya mama lishe: wali maharage, ugali na dagaa, pilau siku za Ijumaa, pembeni kuna mchicha na kipande cha tikiti au ndizi. Sahani ya wali maharage mitaani ni shilingi 2,000 au 3,000, na ukienda saa saba chakula bado ni cha moto. Ukienda saa tisa unakuta ukoko. Usiku ni mishikaki, chipsi mayai, ambayo vijana wanaiita zege, na ndizi za kuchoma.

Usiende kwa mama lishe kama anayeagiza gerejini vipuri. "Shikamoo mama, naomba wali maharage, na mboga za majani ukiniongezea nitashukuru." Mboga zitaongezwa. Wageni wanaoanza na "nipe" hupewa walichokilipia, na si zaidi ya hapo.

Ila nataka nikae kidogo kwenye Soko la Samaki la Feri, kwa sababu hapo ndipo pesa kidogo inakununulia mlo ambao hoteli za pwani zinauza kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Fika asubuhi mapema, boti zikiwa zimeshaingia. Utaona meza za zege zenye maji, samaki wamemwagwa kwa mafungu: changu, vibua, taa, ngisi, na pweza wamelundikwa wenyewe. Dalali anasimama juu ya fungu, anataja bei ya kuanzia, wanunuzi wanapandisha kwa kidole au kwa kichwa tu, na kabla hujaelewa kilichosemwa samaki wameshaingia kwenye ndoo ya mama mmoja. Usijaribu kushindana mnadani, hayo ni mafungu ya wafanyabiashara. Ngoja walionunua waanze kuuza rejareja pembeni. Chagua vibua viwili vyenye macho angavu na mashavu mekundu ndani, patana, lipa. Mtu wa kuparua atakuparulia kwa pesa kidogo. Kisha vipeleke upande wa makaango, kule kwenye moshi, ambako kuna karai kubwa za mafuta juu ya kuni. Mkaangaji anachanja samaki mistari mitatu kila upande, anapaka chumvi, anatumbukiza. Mafuta yanalia, yanatulia, samaki anageuzwa mara moja tu. Anatoka ngozi imekauka na ndani nyama nyeupe inachanika kwa vidole. Ongeza ugali, kachumbari na ndimu kutoka kwa anayeuza jirani, ule umesimama au umekaa kwenye benchi. Patana na mkaangaji kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Akishatoka bei ni yake.

Kamera na simu zihifadhi ukiwa eneo hilo. Ikulu iko jirani, na kupiga picha upande ule kunakuletea askari. Samaki wako mpige picha, ukuta usiupige.

Jioni, pale Magomeni au Kariakoo, tafuta muuza kahawa mwenye birika juu ya makaa. Kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata ya karanga ni burudani ya bei ndogo kuliko zote jijini, na ndipo utakaposikia habari za mpira, bei za mchele na barabara ipi imefungwa kesho.

Hatua ya saba: tembea jiji kwa mfuko mwembamba

Siku moja ya miguu inatosha kwa katikati. Anza kwenye Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe, iliyosimikwa 1927 kwa kumbukumbu ya askari Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Teremka hadi mbele ya bandari, uone Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote ya enzi ya Wajerumani, na Boma la Kale la wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Yote haya unayaona barabarani bila kiingilio.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yana kiingilio, na bei ya raia na ya mgeni hutofautiana, kwa hiyo nenda na kitambulisho. Humo kuna habari za Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959 na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Yatosha saa mbili.

Bahari ni bure. Panda kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni: mtembea kwa miguu hulipa nauli ndogo sana, kama mia mbili, kwa kadi, na kwa dakika chache za kuvuka unaiona bandari yote na jiji lote kutokea majini. Ng'ambo kuna bajaji na daladala za kuelekea fukwe za Mji Mwema. Uliza kabla kama ufuo una kiingilio; mwingine hukuruhusu ukinunua soda. Usiogelee peke yako na usiache begi mchangani. Ukitaka ufuo wa watu, nenda Coco Beach Jumapili alasiri, kwenye mihogo ya kukaanga yenye pilipili na mishikaki, watoto wanacheza mpira, na giza likiingia uondoke na wanaoondoka.

Zanzibar? Kwa mwenye siku tatu na pesa za kuhesabu, nasema hapana. Nauli ya boti kwa asiye raia ni ya juu, na ukifika huko kila kitu kina bei ya mtalii. Kisiwa kile kinahitaji safari yake. Kama unataka mji wa kale wa pwani, nenda Bagamoyo asubuhi urudi jioni, magari yapo kwenye kituo cha daladala kiitwacho Makumbusho, siyo pale Makumbusho ya Taifa. Ni kama kilomita 70. Utaona magofu ya Kaole, Karavanserai walikofikia wapagazi wa misafara kutoka bara, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868. Ondoka alfajiri, maana foleni ya Tegeta jioni haina huruma.

Hatua ya nane: zawadi

Nenda Kariakoo mara moja tu, asubuhi, na orodha iliyoandikwa. Begi kubwa liache gesti, pesa za siku hiyo ziwe mfuko wa mbele, simu usiitoe barabarani. Kanga ni zawadi nyepesi, haivunjiki, haiozi, na maduka ya Mtaa wa Uhuru huziuza kwa doti. Soma jina la kanga kabla ya kununua, hasa kama unampelekea mama mkwe. Uliza bei maduka matatu ndipo uanze kupatana. Korosho nunua kwa kilo, onja kwanza. Picha za Tingatinga ziko Morogoro Stores, Oysterbay, na vinyago Mwenge. Ni vizuri kuona vinavyochongwa hata usiponunua, na mchongaji hakasiriki ukimwambia kweli kwamba umekuja kuangalia.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na Kenya na Rwanda zilitangulia. Zilizobaki ndani ya begi lako kutoka nchi nyingine ziondoe kabla ya mpaka.

Hatua ya tisa: siku ya kuondoka

Jana yake, hamia Mbezi kabla ya saa tisa alasiri, kabla foleni ya kutoka mjini haijaanza. Pita kituoni, thibitisha basi, saa na geti. Nunua maji, mkate, ndizi na karanga mtaani. Bei za hoteli za njiani, basi linaposimama dakika kumi, ni za mtu asiye na chaguo. Chaji simu. Pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na tiketi ziwe mfuko mmoja unaofikika ukiwa umekaa.

Unayeelekea magharibi, kwenda Mwanza, Kigoma, Kigali au Bujumbura, fikiria treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, hadi Dodoma, kisha basi. Ilipoanza mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na safari ni kama saa tatu na nusu, basi likitumia siku karibu nzima. Tiketi hukatwa mapema kwa mtandao, na stesheni iko katikati ya jiji, kwa hiyo kwako habari ya kulala Mbezi haipo: lala Kariakoo utembee.

Unayekwenda Mombasa kupitia Tanga na Horohoro, na uko huru na saa, uliza pia bei ya kukata vipande: Dar hadi Tanga, Tanga hadi mpakani, kisha gari la upande wa pili. Mara nyingine ni nafuu, mara nyingine ni usumbufu kwa elfu mbili.

Begi la kwenye buti lipewe namba, na namba hiyo uiandike au uipige picha. Kila basi likisimama kwa muda mrefu, shuka uangalie buti linapofunguliwa.

Shilingi zilizobaki zibadilishe mjini benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, siku moja kabla, na ubaki na kiasi cha chai, choo na dharura hadi mpakani. Wale vijana wa mpakani wenye bunda la noti huhesabu haraka kuliko macho yako saa nane usiku; ukilazimika kubadilisha kwao, badilisha kidogo, zihesabu zao kwanza mkononi mwako, ndipo utoe zako.